Siku Niliyomsimamisha Sajenti Mbise

Mnacheka, chekeni tu, lakini hili naona aibu kulisimulia hata mbele ya mke wangu, na yeye alikuwepo.

Mnajua mimi jeshini nilikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, nikastaafu nikiwa meja, nikajenga Olasiti, nikaota kitambi. Sasa usharika mmoja kule mlimani Meru ukanialika kwenye sikukuu ya mavuno, nipeperushe bendera tu ya kuanzisha mbio za wazee, kutoka njiapanda mpaka kanisani, mwendo wa kupanda mwanzo mwisho. Kupeperusha tu! Lakini kwenye mstari nikamwona Sajenti Mbise, mwenzangu wa timu ya kambini, ambaye sikumbuki hata siku moja alinishinda, na mchungaji naye akanitania, "Afande, au siku hizi ni mzee wa kukaa meza kuu?" Basi nikavua koti nikaingia, na suruali yangu ya suti (ndiyo, ya suti).

Mita mia mbili za kwanza nilikuwa meja. Zilizobaki nilikuwa kitambi. Mbise alipanda kati ya migomba kama anakwenda kukata majani ya ng'ombe, na kule juu wajukuu zake wanaruka, "Babu! Babu!", maana hawakuwahi kumwona akishinda kitu maishani. Ningemwacha, jamani. Lakini roho iliniuma, mdomo ukafunguka wenyewe, kwa sauti ile ya gwaride: "Sajenti, simama!"

Akasimama. Mtu aliyestaafu miaka mingi, hatua kumi tu kufika kwenye utepe, kagongesha kisigino chini, mikono ubavuni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikampita. Nilipokata utepe suruali ikachanika nyuma yote, nikageuka nikisubiri watu wacheke, maana kicheko kingeniokoa. Hakuna aliyecheka. Mjukuu mdogo akauliza, "Babu, mbona umesimama?" Mke wa Mbise akaniangalia, akasema taratibu, "Shemeji, hata hapa kanisani?"

Mbise mwenyewe ndiye aliyenifunga shuka kiunoni. Nikamuuliza, kwa nini umesimama?

"Nimezoea, afande. Hata kule kambini, ukikohoa tu nyuma yangu nilikuwa napunguza mwendo."

Inaniuma mpaka leo. Kumbe miaka yote ile! Mbuzi wa zawadi nilimwachia yeye, lakini wajukuu hawakumshangilia mbuzi.

Wiki iliyofuata nikapanda mpaka kwake kuomba radhi, nimeshaapa kwamba sitamwamuru tena mtu hata anipishe njia. Nilipoingia akainuka. Nikamwambia, "Keti, bwana," akaketi kabla sijamaliza.

"Mbise, nisamehe."

"Ndiyo, afande."

Nikanywa chai, nikaaga, nikashuka mlima, na mpaka leo sijui kama alinisamehe au alitii tu.