Kukaa Kitako Nikiwa Mzima

Mwili ulianza kuniuma nikiwa na watoto wawili, tumeshahamia kijiji cha ujamaa njia ya Nanyamba. Leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa kote. Mjini walinipima damu, wakaniambia sina ugonjwa. Habari hiyo ilifika kijijini kabla yangu, na kwenye shamba la kijiji wenzangu wakaanza kuniita kupe. Siku zile kupe alikuwa mtu anayekula jasho la wengine. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Basi nikataka kuwaonyesha. Siku mwili ukiniachia, nalima ngwe mbili, kipande changu nilichopimiwa na kingine cha kufidia siku nilizolala. Halafu nalala siku tatu, hata kikombe kinanishinda kushika. Jina langu likazidi kuchafuka.

Mama mkwe wangu alijua kukanda. Alinikanda kwa mafuta ya ufuta, akaninyima chai ya jioni, akanilaza mapema, na kila alfajiri tukatembea polepole mpaka kisimani. Nilipata nafuu. Ila shauri lake moja lilinikaa kooni.

“Mwanangu, siku uliyo mzima ndiyo unayojimaliza,” aliniambia. “Palilia mistari mitatu, kaa. Usingoje kuumwa ndipo ukae.”

Nikae mbele ya kijiji kizima nikiwa na nguvu zangu? Niliona ananitafutia balaa. Lakini kitanda nilikuwa nimekichoka, kwa hiyo kupalilia mihogo kulipoanza nikajaribu. Mistari mitatu, nikakaa kitako chini ya mkorosho. Majembe yakasita. Mwenyekiti wa kijiji akanijia, jasho linamtiririka.

“Ndugu, unaumwa?”

Ningesema naumwa, angeniruhusu niende nyumbani. Ruhusa nazo nilikuwa nimezichoka.

“Siumwi, Mwenyekiti. Ndiyo maana nimekaa. Nikipumzika sasa, ngwe hii naimaliza leo, na kesho mtanikuta hapa.”

Mwanamke mmoja akacheka. Mwenyekiti akasema haya, tutaona hiyo kesho.

Nilimaliza peke yangu, wenzangu wameshaondoka. Usiku nilijipapasa mwili mzima kwa hofu. Asubuhi maumivu yalikuwepo, sidanganyi, lakini ya kubebeka. Nikachukua jembe, nikatoka.

Mwenyekiti alipofika shambani, alinikuta nimeshapalilia mistari mitatu, nimekaa, miguu nimeinyoosha. Alinitazama, akautazama mstari wa nne. Kisha akashika jembe lake, akaanza mstari wa kwake.