Simba wa Baada ya Chakula cha Mchana

Jumamosi nilikuwa Ngara kwa fundi wa mabegi wakati mama mmoja alipoweka sanduku la safari mezani, magurudumu yakiwa yamejaa mchanga.

"Madam, hii umeivuta wapi?" fundi akauliza.

"Namibia. Tulienda kupiga kambi na Wazungu kumi. Waafrika tulikuwa mimi na dereva wa lori letu tu."

Akaendelea kusimulia bila kuombwa. Amezaliwa na kukulia Nairobi, anaishi mtaa wa Mountain View, na kabla ya safari hiyo hakuwa amewahi kulala kwenye hema. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mngurumo mzito ukasikika nyuma ya mahema. Wazungu wote wakamgeukia.

"Sasa ningesema sijui? Mimi, mtu wa Kenya?" Akajipiga kifua. "Nikawaambia huyo ni simba dume. Ameshiba, lakini waingie kwa lori polepole."

Wakaingia, yeye akiwa wa kwanza. Baada ya robo saa mngurumo ukakatika, kisha dereva akatokea nyuma ya mahema akifikicha macho yenye usingizi, mkeka kwapani.

Fundi akaweka koleo chini. "Ukawaambia nini?"

"Kwamba simba ameenda."

"Na dereva?"

"Aliniangalia, akawaangalia wageni, akasema ni kweli, hata yeye amemwona."

Nilicheka hadi machozi, lakini simlaumu. Ukiwa Mwafrika kwenye kundi kama hilo, unaulizwa kwa niaba ya bara zima, na bara zima haliwezi kusema halijui.