Ujumbe wa Jumatatu

Madereva wa kreni nimewaona katika bandari nyingi, na wote hushuka ngazi kwa namna moja: uso umeelekea chuma, bila haraka, kama watu wasioiamini sana ardhi. Huyu wenzake walimwita Mwewe. Alikaa juu miaka ishirini na miwili, akishusha makontena kwenye malori huku watu wakipita chini yake. Kutoka kule aliweza kusoma namba ya kontena lililoko mwisho wa uwanja. Maandishi ya simu ndiyo yaliyomshinda.

Alipozimia bafuni, madaktari walimpandikizia kifuani kifaa cha kuusaidia moyo upige sawasawa, wakampa na kisanduku cha kuweka kando ya kitanda. Kisanduku kilituma habari za moyo wake hospitalini, na kila Jumatatu hospitali ilirudisha ujumbe. Daktari alimruhusu kurudi kazini kwa sharti moja: siku wakimwita, aende. Kwenye fomu aliandikisha namba ya mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsomea kila kitu.

"Wamesemaje leo, mama watoto?"

"Wamesema uko salama. Moyo wako unachapa kazi kuliko wewe."

Naye alicheka, akachukua kofia yake ngumu, huyo akaenda zake.

Jumatatu moja, mzigo ukiwa bado unaning'inia, redio iliita. "Mwewe, tua hilo kisha shuka." Alidhani ni upepo. Chini alimkuta msimamizi wake, hajui mikono aiweke wapi.

"Hospitali wanakuita huu mwezi wa pili, kaka. Mara tatu! Mapigo yako yanakwenda ovyo. Ungezimia na tani ishirini mkononi je?"

"Nani kakwambia?"

"Shemeji. Kanipigia asubuhi, analia. Leta ufunguo wa kibanda cha kreni."

Nyumbani mkewe alikuwa jikoni, anasugua sufuria iliyokwisha takata zamani.

"Mara tatu, mama watoto."

"Niliogopa. Mwenyewe ulisema bila kreni wewe si mtu."

"Nilisema. Lakini kumwambia msimamizi kabla yangu?"

"Wewe ungebisha, halafu ungepanda. Yeye anaweza kukushusha."

"Kwa hiyo moyo ni wangu, habari zake ni za bandari nzima. Mimi wa mwisho."

Hakupandisha sauti. Kreni ilimuuma, ndiyo. Zaidi zilimuuma zile asubuhi alizopanda ngazi akipiga mluzi, na watu wa chini wakimwamini, kwa neno la mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Kesho yake walikwenda kliniki, yeye mbele, mkewe hatua kumi nyuma. Mkewe aliketi kwenye benchi la korido, amepakata koti la mumewe. Ndani, nesi alimwekea chombo cha kupimia juu ya kifua, akatazama mistari, akamwita daktari. Daktari alisema polepole: dawa zitabadilishwa, kifaa kitarekebishwa, maisha yapo. Kreni, basi.

"Maelezo ya dawa ni mengi, mzee wangu," nesi akasema. "Ingefaa na mtu wako aingie asikie. Umekuja na nani?"

Mlango haukufungwa vizuri. Kupitia upenyo alimwona mkewe akiinuka nusu, amelikumbatia lile koti, anangoja kuitwa.

"Nimekuja peke yangu," akasema, na kuanza kufunga vifungo vya shati.