Uzio Usio na Mwanya

Enzi zetu pale Kasongo uzio haukununuliwa, ulipandwa. Mvua za kwanza zikinyesha, baba alikata vijiti vya miti inayochipua upesi, na jirani yetu Mzee Sefu akashika ncha ya pili ya kamba ili mstari unyooke. Sisi watoto tulikanyaga udongo kwenye mashina mpaka nyayo zikawaka. Baada ya muda lupango, yaani ua wa nyumba yetu, lilikuwa na majani pande zote. Mbuzi waliyala, nasi tukayafanya sahani za bugali wa matope.

Jambo moja halikusahauliwa kamwe: mwanya. Mama aliweka kikapu cha mihogo kiunoni akapita kutoka kwetu kwenda kwa Mzee Sefu. Kikapu kikigusa kijiti, kijiti kiling'olewa. Kila jioni nilitumwa pale, kwa mke wake Mama Zaina, kuomba kaa la moto. "Nenda mbio, na usingoje ubwabwa," mama alisema. Nilingoja ubwabwa kila mara. Idi tulikula kwao, Noeli walikula kwetu, kuku akiwa amechinjwa na Mzee Sefu mwenyewe. Vijana wa leo humwandikia jirani kwenye simu kuuliza kama yupo, huku wakimsikia akikohoa.

Baba na Mzee Sefu wamekwisha kufariki. Mwaka jana wezi walituingilia mara mbili, nikaamua kuita fundi atujengee uzio wa mbao. Mimi nimejifunza vipimo peke yangu, vitabuni. Nilichora mpango wa lupango zima, kila nguzo na namba yake, kila ubao na idadi ya misumari. Fundi, mtu aliyetoka Wamaza, aliutazama akacheka.

"Papa, hii paka mwalimu, mwalimu tu, ndiye anaweza kuchora!"

Nilifurahi, nikaenda Lusangi kwa shughuli zangu wiki mbili. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Fundi alikuwa amechoma ncha za nguzo na kuzipaka mafuta machafu ya pikipiki ili mchwa wasizile. Mbao zilisimama bega kwa bega, zimenyooka kama rula, bila nafasi popote.

"Na njia ya wamama?" nikamwuliza.

"Kwa karatasi yako haiko, papa. Miye nilifwata karatasi."

Alisema kweli. Niliutazama mchoro mara tatu. Mwanya ule sikuwahi kuufikiria kama kitu cha kupimwa.

Siku ile ile tuling'oa mbao tatu. Nyuma yake tulikuta matofali, udongo wake bado mbichi. Wana wa Mama Zaina walikuwa wamejenga ukuta. Nilizunguka kwa barabara kwenda kuomba radhi. Mkubwa wao, niliyekula naye sahani moja tangu utoto, hakunipa kiti.

"Muliibiwa, kisha mukafunga njia ya mama yetu. Sasa mwizi iko nani, ndugu?"

Nikamwonyesha mchoro, nikaeleza kwamba ni kosa langu la kusahau. Aliufuata kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Misumari yote uliandika. Mama yangu ndiye ulimusahau?"

Nimerudi kwake mara nne. Ukuta haujavunjwa. Kwa barabara ni kupanda kilima na kushuka, na mama hana tena miguu ya safari hiyo. Mama Zaina naye haoni vizuri. Alikuwa akija kwetu kwa kupapasa vijiti. Nilipotaka kumpeleka mama kwa pikipiki, aliniuliza, "Wameniita?" Sikuweza kudanganya.

Siku hizi mama huweka kiti chake pale tulipong'oa mbao, uso kwa uso na matofali. "Mama Zaina, uko?" huita. Sauti yake haivuki ukuta.

Uzio wa utoto wetu ulikuwa dhaifu. Mbuzi waliula, mvua iliulaza, na kila mwaka familia mbili zilitoka kuupanda upya pamoja. Huu wangu, fundi amenihakikishia, utasimama miaka ishirini. Mama hana miaka ishirini ya kungoja.