Mkwe Asiye na Uso

Jamani, aibu niliyoipata sina pa kuiweka, lakini kwa kuwa mtaa mzima wa Ngarenaro wananitania, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Ilianza na nguzo ya umeme nje kwangu kupinda katikati, halafu mistari ya vigae jikoni ikawa inacheza kama maji, nikasema ni uzee wa macho (moyoni nikasema kuna mtu ananichezea kwa uchawi), nikanyamaza, maana binti yangu Neema alikuwa anaolewa na sikutaka wakwe waseme mama yake kipofu.

Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga Neema, ukumbini Njiro, taa zimefifishwa, mshereheshaji akaita, "Mama mzazi, mvishe mkwe wako taji!" Nikasimama na taji langu la maua. Elibariki, bwana harusi, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Nikainama, na jamani, masikio yapo, tai ipo, ila katikati hapana mtu, kuna doa jeusi tu, na sauti inatokea humo! Nikamtazama msimamizi wake, doa likahamia kwake, nikageukia wazee wa upande wao, wote suti tupu zinanitazama bila macho. 

"Huyu si mtu! Hana uso!" Na kipaza sauti alichonishikia mshereheshaji kilikuwa mdomoni kwangu.

Wamama wa kwaya wakaanza kukemea mapepo, mjomba wa bwana harusi akanguruma, "Tumetukanwa, twendeni!" Neema akaja mbio, akanishika mashavu.

"Mama, niangalie. Na mimi sina uso?"

Niliona hereni zinaning'inia. Katikati yake, giza.

"Huna, mwanangu," nikasema, nikaanza kulia.

Elibariki, bado kapiga magoti, akauchukua mkono wangu akauweka shavuni kwake. "Basi niguse, mama." Palikuwa na pua, na machozi.

Neema akanipeleka kliniki ya macho, daktari akanipa karatasi ya miraba, ya katikati sikuiona, ya pembeni imepinda. Akasema sehemu ya katikati nyuma ya jicho imechakaa kwa umri. La kulia nimechelewa, la kushoto linavuja kwa ndani, sindano huenda zikaliokoa.

Siku ya harusi, maana haikuvunjika, nilimtazama Neema kwa pembe ya jicho, shingo nimeigeuza, wakwe wakanong'ona kwamba bado nimenuna. Waache waseme. Nimeapa kutoficha tena ugonjwa kwa kuogopa wakwe, maana uso wa mwanangu sasa naupata pembeni tu, na hapo pembeni alikuwa anacheka.