Rimoti ya Mkono wa Kushoto

Rimoti ya king'amuzi ilianguka ndani ya bakuli la uji, na mama akaiosha kwa sabuni. Aliifanyia kama anavyokifanyia kila kitu kinachochafuka: akaisugua, akaisuuza, akaianika juani pamoja na vikombe. Aliponipigia simu Migori, ninakofanya kazi ya kushona, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "nimeua rimoti ya baba yako."

Wakati mwingine ningecheka. Siku hiyo niliketi juu ya majora ya vitambaa nikajishika kichwa.

Baba alikuwa fundi wa injini za boti pale Sindo, kando ya ziwa. Watu walimletea injini kutoka Mfangano na visiwa vya jirani, zimefungwa kwa magunia kama wagonjwa, naye alizisikiliza kwanza kabla ya kuzigusa. Kiharusi kilimpiga akiwa amechuchumaa mbele ya injini ya mtu. Alipozinduka hospitalini, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: "Haya." Kwa nini libaki hilo, wala si neno la Dholuo alilonyonya kwa mamake, hatukujua. Pengine ni kwa sababu ndilo alilokuwa akiwaambia wateja wa kila kabila, injini ikishanguruma. Sasa lilikuwa na maana zote. Nina kiu, haya. Ninaumwa, haya. Niondokeeni, haya.

Kusoma nako kulikwenda na maneno. Kilichobaki ni mkono wa kushoto na televisheni.

Lakini hata televisheni ilikuwa na adha yake. Ilikuwa na rimoti yake ya kuwasha na ya sauti, na king'amuzi kilikuwa na nyingine ya kubadilisha chaneli, zote nyeusi, urefu mmoja. Baba alizichanganya kila siku. Alibonyeza ya tivi akitaka mpira, sauti ikapanda hadi ng'ombe wa jirani wakageuka kutazama. Alibonyeza nyingine akitaka kupunguza sauti, akapoteza mpira wenyewe. Mwanamume aliyekuwa akifungua injini macho yamefumbwa! Nilimwona mara moja akiziangalia zile rimoti mbili mapajani mwake, moja baada ya nyingine, kisha akaangalia mkono wake. Nikatoka nje.

Sasa moja imekufa, na king'amuzi chenyewe hakikuwa na kitufe hata kimoja. Kilikuwa kimekwama kwenye chaneli ya katuni za watoto. Ukikizima kwenye soketi na kukiwasha tena, kinarudi pale pale: wanyama wa rangi rangi, wakiimba kwa sauti za pua, asubuhi hadi jioni. Mama alijaribu kuizima tivi. Baba akalia, kwa kuwa nyumba iliyo kimya alishindwa kabisa kuivumilia. Mama akaiwasha. Baba akalia pia.

Siku chache baadaye mama alipiga simu tena. "Baba yako hali chakula. Namtia kijiko mdomoni, anautoa uji kwa ulimi."

"Tangu lini?"

"Tangu hao nguruwe waanze kuimba."

Nilifunga kibanda. Duka la vifaa vya stima lilikuwa mtaa wa pili, na muuzaji alinisikiliza nusu huku akimhudumia mtu mwingine. Nilimwambia nataka rimoti moja ya kuendesha mashine mbili. "Hii hapa, sista. Inashika tivi zote za dunia." Ilikuwa nyembamba, imejaa vitufe vidogo kama mtama. Sikuuliza zaidi. Mtu anayezama haulizi kamba ni ya katani au ya nailoni.

Nilifika Sindo kupitia Magunga, vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla ya kunywa maji nikapiga magoti mbele ya televisheni. Maagizo yalikuwa mepesi. Shikilia kitufe cha kuwasha mpaka taa nyekundu itulie, elekeza kwenye tivi, subiri rimoti itafute yenyewe. Tivi ikizima, achilia upesi. Nilisubiri mkono ukafa ganzi. Tivi ikazima.

"Imekubali!" mama alisema, akapiga makofi.

Baba aliinua kichwa. Niliwasha, nikapandisha sauti, nikaishusha, halafu nikampa. Alibonyeza kile nilichomwonyesha cha kubadilisha chaneli. Wanyama waliendelea kuimba. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Nikaichukua, nikaielekeza kwenye king'amuzi, nikarudia kutafuta kutoka mwanzo, tena na tena. King'amuzi hakikupepesa hata taa. Ndipo nikasoma maandishi ya nyuma ya pakiti: ya televisheni tu.

Nilipomrudishia, labda nikidhani sauti peke yake ingekuwa afadhali, aliirusha. Ilipiga ukuta na mawe yake mawili ya betri yakabingirika hadi chini ya kabati.

"Haya!" alisema. "Haya! Haya!" Upande mmoja wa uso wake ulilia na mwingine ukabaki umetulia kama wa mgeni.

Mama aliokota mawe akiwa amepiga magoti, na kutoka pale sakafuni akaniambia bila kunitazama, "Itoe hii tivi nyumbani kwangu. Afadhali atazame ukuta. Ukuta haumtukani."

Juma lililofuata baba alikuwa na zamu yake ya mazoezi ya viungo Homa Bay. Tulimpeleka, mimi na mama, kwa kiti cha magurudumu tulichoazimwa na kanisa. Mtaalamu wa mazoezi alimpima uzito, akauangalia, akampima tena. Alituita kando. Hakutuficha. Alisema mwili hauwezi kujijenga kwa maji matupu, na mgonjwa akikata tamaa, dawa zinafanya kazi peke yake bila mwenye mwili.

"Kuna kitu kimemkera nyumbani?" aliuliza.

Mama aliniangalia. Ungewezaje kumwambia mtu msomi, mwenye koti jeupe, kwamba mumeo anakufa kwa sababu ya katuni?

"Rimoti," nilisema.

Hakucheka. "Basi mtafutieni rimoti," alijibu, akamwita mgonjwa mwingine.

Tulizunguka mji na kile kiti. Maduka mawili walinipa ile ile nyembamba. La tatu lilikuwa la mwanamke wa umri wangu hivi, ameketi nyuma ya kioo kilichojaa nyaya. Nilimweleza, nikamtolea ile iliyooshwa kwa sabuni. Aliiwekea mawe mapya, akaielekeza kwenye kamera ya simu yake na kubonyeza. Rimoti nzima, alinieleza, hutoa mwanga ambao jicho halioni lakini kamera inauona. Kwenye simu hakukuonekana kitu.

"Hii imeenda, pole. Unahitaji ya kujifunza. Unaikutanisha uso kwa uso na rimoti inayofanya kazi, inafundishwa batani moja moja. Tivi mnayo rimoti yake?"

"Ipo."

"Na king'amuzi, kuna jirani mwenye aina hiyo? Mwazime yake." Kisha akauliza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza: "Nani ataitumia?"

Nikageuka. Baba alikuwa kivulini kwenye veranda, mama akimfuta mate kwa kitambaa. Yule mwanamke alizunguka kaunta, akatoka na rimoti tatu, akainama mbele yake.

"Mzee, shikamoo. Nichagulie."

Akamwekea zote mapajani. Nilitaka kumkataza, niliogopa atazirusha barabarani. Baba alizitazama kwa muda mrefu. Ya kwanza aliigusa akaisukuma pembeni. Ya pili aliigeuza, akakuna kifuniko cha mawe kwa ukucha wa gumba, kikafunguka kwa urahisi mno, naye akaisukuma pia. Ya tatu ilikuwa nene, na vitufe vichache vikubwa vya mpira. Aliipima uzito kiganjani. Akabonyeza kitufe kimoja karibu na sikio, akasikiliza. Akabonyeza kingine. Kisha akaifungua nyuma, akatazama ndani, akaifunga, yote kwa mkono mmoja, akiikandamiza kwenye goti.

"Haya," alisema. Hakumrudishia mwenye duka.

Mama alijifunika uso kwa lesso. Kwa kuwa mabega yalikuwa yanatikisika, sikujua analia au anacheka, na sikumuuliza.

Ningependa kusema mambo yalinyooka kutoka hapo. Tulipofika Sindo, stima ilikuwa imepotea. Nguzo ilikuwa imeanguka mahali fulani, watu wakasema mafundi wanakuja. Jirani yetu, mjane kutoka Mfangano anayeuza omena, alikuwa na king'amuzi kama chetu. Alileta rimoti yake ikiwa bado ndani ya karatasi ya nailoni aliyoinunua nayo. Kufundisha hakuhitaji stima, nikaanza. Nililaza rimoti mbili juu ya stuli, uso kwa uso. Unashikilia kitufe cha kufundishia, taa inawaka, unabonyeza kwenye mpya, unabonyeza kwenye ya zamani, taa ipepese mara chache kuonyesha imeelewa. Haikupepesa. Nikarudia. Haikupepesa. Jirani akasema labda jua la dirishani linaichanganya, basi tukajifunika lesso ya mama, vichwa viwili chini ya kitambaa kimoja kama watoto wanaocheza, tukihema joto la kila mmoja. Hapo taa ikapepesa.

"Imemeza!" jirani akanong'ona.

Tukafundisha kupanda chaneli, kushuka, kuwasha. Kwa ile ya tivi tukafundisha sauti. Lakini kama imejifunza kweli au imetudanganya, nani angejua bila stima?

Siku zikapita. Mafundi hawakuja. Baba alishika ile rimoti kifuani, akiielekeza kwenye kioo cheusi, akibonyeza, akibonyeza. Nilimwambia stima hakuna. Nilimwonyesha taa ya dari. Sijui kama alielewa au aliamini kwamba na hii pia imekataa. Akageuza uso ukutani. Uji alikataa, samaki aliyechambuliwa miiba akakataa, hata chai. Midomo yake ikapasuka.

Mchana mmoja mama aliweka bakuli chini kwa kishindo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimpandishia baba sauti maisha yangu yote.

"Kama umetuchoka, tuambie! Mimi ni mkeo, niambie! Unaniacha nikubembeleze kama mtoto, na wewe umeshaamua!"

Baba alifungua mdomo. Tulimwona akitafuta neno. Hakikutoka kitu. Hata lile neno moja halikutoka. Mama alianguka kando ya kitanda, paji lake kwenye mkono wa baba uliokufa, akamwomba Mungu, Nyasaye, amchukue yeye kwanza. Nami nilisimama mlangoni na kijiko mkononi, na nakumbuka nilifikiria tu kijiko kile nikiweke wapi.

Stima ilirudi kesho yake, kabla ya adhuhuri. Tuliisikia kwanza: wanyama wa rangi rangi wakaanza kuimba katikati ya wimbo. Hakuna aliyesogea. Jirani alikuwa amekuja kutujulia hali, naye akasimama na kapu lake.

Mkono wa kushoto ukainuka polepole kutoka kwenye blanketi. Kidole gumba kikabonyeza.

Wanyama wakatoweka. Akatokea mtu wa habari. Akabonyeza: mhubiri. Akabonyeza: kwaya ya wanawake waliovaa buluu. Mama akasema, "Hapo, acha hapo," lakini hakuacha. Mpira ukaja, tukadhani sasa, akaupita. Alizunguka chaneli zote hadi wanyama wakarudi, akawapita nao, akaanza upya. Hakuwa akitazama chochote. Alikuwa akisikiliza mashine ikimtii. Halafu akazima, nyumba ikawa kimya, na kimya hicho alikivumilia, kwa kuwa ni yeye aliyekileta. Akawasha tena.

Jioni alimeza vijiko vichache vya uji. Jirani alichukua rimoti yake na nailoni yake, mama akamfungia mayai, asante zake za "ero kamano" zikawa nyingi hadi njiani.

Baba hakupona. Ule mkono wa kulia bado unalala tulipouweka, na jina langu bado hajalisema. Kuna siku hubonyeza kitufe kisicho chake na yale mafunzo yakafutika, nami hulazimika kusafiri tena, kumwazima jirani tena, kuingia chini ya lesso. Kuna siku hakuna kinachomfaa, hata rimoti, na mama hunipigia simu akiwa nyuma ya jikoni ili baba asimsikie akilia. Niko Migori, mguu kwenye cherehani, simu sikioni.

Juzi alipiga kunilalamikia. Alikuwa anatazama taarifa ya habari kuhusu bei ya samaki, baba akageuza chaneli, akaweka mpira. "Nimemwambia nyumba hii ina watu wawili," alisema. Nikamwomba amwekee baba simu sikioni. Nikasikia pumzi yake, nzito, upande mmoja. Kwa kawaida mimi huongea peke yangu, habari za wateja, mvua, watoto. Siku hiyo nilichoka kuongea. Niliuliza tu, "Baba, nani anaongoza?"

Kisha nikasikia sauti ya mtangazaji wa mpira ikipanda, ikipanda, mpaka simu ikaanza kukwaruza na nikasikia kila neno, majina ya wachezaji, umati, filimbi, na nyuma yao mama akipiga kelele kwamba atatutoboa masikio.