Mikono Iliyokimbia Kwenye Skrini

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo najiinamia. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa Gazi niliyejiona nimefika kwa kuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Ukunda. Kompyuta zenyewe zilikuwa nne, na moja haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni.

Mwenzangu alikuwa Mutua, kijana aliyeteremka kutoka bara kutafuta kazi ya hoteli Diani. Asubuhi alikaa mapokezi akiwalaki wageni, alasiri alikuja chuoni kuandika programu. Yeye ndiye aliyeanza ile tuliyoiita maktaba: mkusanyiko wa vipande vya programu vya kuchora mstari na duara na kutia rangi, ili hata asiyejua hesabu nyingi aazime kipande na kuunda picha yake. Alimpa kila aliyeomba, tena pamoja na msimbo, yaani maandishi yenyewe yanayoiendesha programu, mtu asome na abadilishe apendavyo. Mimi nilimwona mjinga. Sasa naona alikuwa katika watu wakubwa kabisa niliopata kukaa nao meza moja.

Kazi yangu ilikuwa kuzifanya picha zitembee. Nilifaulu, na kiburi kikaniingia. Kipande changu nilikitoa kimefungwa: waweza kukitumia, lakini huwezi kuona kilivyoandikwa. Msimbo niliuhifadhi katika diski moja tu, nayo nikaiweka sandukuni nyumbani, chini ya nguo za Idi. Mutua aliponiomba nakala nilimwambia nitaleta kesho. Kesho yangu ilichukua miezi.

Huko Msambweni alikuwapo Mwalimu Bakari, aliyefundisha watoto wasiosikia. Kwa maktaba yetu alichora mikono inayosogea, ishara moja baada ya nyingine, watoto waige: maji, mama, njoo. Wazazi nao walikuja kujifunza, na baba mmoja alilia siku alipoweza kumuuliza mwanawe kama ameshiba. Kisha wafadhili wakaleta kompyuta mpya, zile kuukuu zikaondolewa. Mwalimu akaweka programu, na mikono ikapita mbio hata ishara isisomeke hata moja. Alikuja Ukunda siku ileile. Hakutukaripia, alituuliza tu kama masomo yamekwisha.

Kosa lilikuwa langu. Ili picha zisikimbie, nilikuwa nimeiamuru kompyuta ihesabu namba nyingi kabla ya kuonyesha picha inayofuata. Ile ya zamani ilihesabu kwa kujikokota, hii mpya ilimaliza kabla hujapepesa jicho. Yalikuwa marekebisho ya mistari michache, na Mutua angeyafanya kabla chai haijapoa, lau angekuwa na msimbo. Akili nyingi huondoa maarifa.

"Nipatie tu hiyo diski," Mutua akaniambia. "Leo tunamalizana nayo."

Nilikwenda Gazi, nikafungua sanduku. Diski ilikuwa imeota ukungu, maana unyevu wa pwani hauheshimu nguo za Idi. Nilirudi nayo chuoni jioni, Mutua ameshaondoka, nikaijaribu kwenye mashine zote nne, ikakwaruza tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na nakala, na hilo nililitaka mwenyewe.

Shangazi yangu, Bi Mwanasha, alikuwa msukaji wa mikeka aliyejulikana hadi Bodo. Usiku ule alinikuta uani kwetu Gazi nimejikunyata. Nikamwamkia shikamoo bila kuinua uso, nikamweleza yote. Akachukua ukili, ule utepe wa majani ya miyaa unaosukwa ndipo ushonwe mkeka, akanionyesha ncha yake.

"Mtu akija kwangu kutaka kuiga pambo la mkeka, humpa ukili usiofungwa ncha. Wajua kwa nini?"

"Aufumue, aone ulivyosukwa."

"Ehe. Ningemfungia angenisifu sana, na siku yangu ikifika pambo lingezikwa nami. Wewe ulitaka sifa, mwana wa kaka yangu. Mficha uchi hazai."

Siku ya pili nilimwambia Mutua ukweli wote, pamoja na kwamba sikuwa na nia ya kumpa ile nakala. Nilitaraji aniseme. Akavuta kiti.

"Sawa. Tuandike tena. Wewe sema vile ilikuwa inafanya, mimi naandika."

Ilituchukua wiki mbili. Safari hii picha zilifuata saa ya kompyuta, si kasi yake. Mutua akaitoa maktaba nzima wazi, kwa diski na kwa barua pepe, na juu ya msimbo akaandika majina yetu, langu likitangulia. Nilimwambia alifute, sikustahili. Akasema nimekiri kosa uso kwa uso, na wengi hawaliwezi hilo. Nilimpenda mtu yule kwa neno lile, na sijaacha. Msambweni masomo yakaendelea.

Miezi kadhaa baadaye ikaja diski kutoka bara, kwa mtu tusiyemjua. Chini ya majina yetu aliongeza lake, na ndani ya msimbo aliongeza kipande cha kuchora uso: nyusi zipandazo, midomo inayofumba. Barua yake ilikuwa fupi. Alisema mikono yetu ni mizuri lakini inasema nusu ya maneno, kwa kuwa ishara nyingine husemwa na uso. Alijua, maana yeye mwenyewe hasikii. Mutua aliisoma mara mbili, kisha akanipa kiti chake nami nisome.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiunda kitu chema usikifungie. Kitoe pamoja na namna kilivyoundwa, kwa kuwa anayejua kilichopungua huenda humjui wala hutamwona. Wataje waliokusaidia, na ukikosea sema upesi, kabla mwingine hajaumia kwa kosa lako. Mwenyezi Mungu akupe akili ya kuunda na moyo wa kuachilia, na atakayekipokea kitu chako akikuze kuliko ulivyoweza wewe. Amina.